Nilienda Lyon kujifunza mapishi ya kifahari, nikakabidhiwa ndoo ya utumbo

Siku ya kwanza jikoni shefu alinivutia ndoo ya bluu iliyokuwa chini ya sinki, akafunua mfuniko, halafu akanikazia macho aone nitafanya uso gani. Ndani kulikuwa na utumbo wa ng'ombe, ule tunaouita taulo, umejaa mpaka juu. Sasa fikiria mtu umetoka Zanzibar, umepanda ndege mbili na treni moja, umeaga kwa mbwembwe kwenye hoteli unayofanyia kazi kwamba unaenda Ufaransa kusomea mapishi ya hadhi ya juu, washkaji wamekuchangia mpaka jaketi la baridi, halafu unafika unapewa utumbo.

Mwenzenu nikacheka. Shefu akauliza unacheka nini, na Kifaransa changu cha kuungaunga hakikutosha kumweleza kwamba mama yangu ametusomesha watoto wanne kwa ndoo kama hiyo hiyo pale Buguruni, Dar es Salaam, asubuhi supu ya utumbo na chapati, mchana wali maharage, na kwamba mimi nimefanya kazi hotelini miaka sita, na nikiulizwa mama anafanya kazi gani najibu "anafanya biashara" nanyamaza hapo hapo, sitaki maswali. Basi nikavaa aproni nikaanza kazi.

Kwanza niwaambie kuhusu mji wenyewe, maana huku kwetu ukisema Ufaransa mtu anajua Paris, akijitahidi Marseille. Lyon anaijua kwa mpira tu, ile timu iliyobeba ubingwa mara saba mfululizo kuanzia 2002 mpaka 2008, kina Benzema wametokea hapo. Kumbe ni mji mkongwe balaa. Waroma waliuanzisha mwaka 43 kabla ya Kristo wakauita Lugdunum, Kaizari Claudius kazaliwa hapo, na ukipanda kilima cha Fourvière bado unakuta viti vyao vya mawe vya kuangalia maonyesho, watu wanakaa pale wanakula sandwichi kama kawaida. Mito miwili inapita katikati, Rhône na Saône, inakutana kusini ya mji, na wenyeji wana utani wao kwamba kuna mto wa tatu, nao ni mvinyo wa Beaujolais, na kwa jinsi nilivyoona watu wanavyokunywa mchana kweupe sina cha kubisha. Interpol, polisi wa kimataifa, nao makao makuu yao yako huko tangu 1989. Hilo nilimwambia mama kwenye simu nikidhani atafurahi, akanyamaza kidogo akasema "sasa baba, wewe umefuata nini huko kwa mapolisi?"

Turudi kwenye utumbo.

Ule utumbo wao ulikuwa umeshasafishwa huko huko unakotoka, mweupe kama karatasi, hauna hata harufu. Mimi nilivyozoea kusugua kwa chumvi na ndimu na maji ya moto mpaka mikono inachubuka, nikauona huu nikasema moyoni huyu ng'ombe kauawa mara mbili, utamu wote umeshamwagwa. Lakini ngoja sasa uone wanavyofanya. Unachemshwa moto mdogo na karoti na vitunguu na majani ya kunukia mpaka ulainike, unaachwa upoe, halafu unakatwa vipande vikubwa kuzidi kiganja, unalazwa usiku kucha kwenye mvinyo mweupe, haradali na limau. Kesho yake kila kipande unakichovya kwenye yai, unakigaragaza kwenye chenga za mkate, unakaanga mpaka kinakuwa rangi ya maandazi yaliyoiva vizuri. Nje kinalia kwaru kwaru, ndani laini. Pembeni viazi vya kuchemsha na sosi nzito yenye mayai ya kuchemsha na vitango vya siki. Jina lake tablier de sapeur, yaani aproni ya sapa, kwa sababu wale wanajeshi wa zamani wa kujenga madaraja na kuchimba mahandaki walivaa aproni za ngozi, na kipande kikishakaangwa kinafanana nazo. Watu wanatoka mbali kuja kula hiyo kitu, wamevaa koti na tai, wanaomba na picha.

Mgahawa niliokuwa nafanyia mafunzo ni wa aina ile wanaita bouchon. Usifikirie kitambaa cheupe na glasi sita mbele yako. Meza zimebanana mpaka kiwiko chako kiko kwenye sahani ya jirani, vitambaa vya mirabamiraba myekundu na myeupe, ukutani masufuria ya shaba na picha za zamani, mvinyo unaletwa kwenye chupa ya kitako kinene wanaita pot, ujazo wake sentilita 46, na ukiuliza kwa nini 46 na sio 50 kila mtu anakupa hadithi yake. Chakula chenyewe sasa! Utumbo, miguu, ulimi, kichwa, figo, soseji za kitimoto za kila saizi, ngozi za nguruwe zilizokaangwa zikakauka unatafuna kama bisi. Mtu asiyekula kitimoto Lyon atapata tabu kidogo, nasema mapema.

Na hiyo hadithi ya kula vitu hivyo asubuhi ndio iliyonimaliza kabisa. Wanaita mâchon. Zamani mafundi wa kufuma hariri walikuwa wanaanza kazi gizani, ikifika saa tatu hivi wana njaa ya siku nzima, basi wanakaa kwenye bouchon wanakula utumbo na soseji na mkate na mvinyo, wanapiga soga, wanarudi kazini. Mpaka leo wapo wazee wanafanya hivyo. Jumamosi moja shefu alinipeleka kwa jamaa zake, saa tatu na nusu asubuhi, baridi la Novemba linakata masikio, wababa kama kumi wamekaa kwenye meza moja ndefu wanasukumiana mabakuli na kubishana siasa, kila mmoja anamkatiza mwenzake, na mimi nimekaa pale nikaona kabisa benchi la mama pale Buguruni, wale madereva na mafundi gereji na bakuli zao za supu na chapati na pilipili mbichi pembeni, mmoja anamsema waziri, mwingine anamsema kocha wa Yanga. Nilishikwa na kitu kooni nikasingizia haradali.

Halafu kuna hawa akina mama. Hii ndio stori niliyoirudia kwa kila mtu niliporudi. Lyon haikupata jina lake la chakula kutoka kwa mashefu wa kiume wenye kofia ndefu, jina limetoka kwa wanawake waliokuwa wapishi wa majumbani kwa matajiri wa hariri, ambao baadaye walitoka wakafungua vibanda na migahawa yao midogo. Wanawaita les mères, yaani akina mama, hivyo hivyo tu, Mama fulani na Mama fulani. Mama ntilie kabisa! Mmoja wao Eugénie Brazier, kazaliwa 1895 mashambani huko Bresse, mama yake akafa yeye akiwa na miaka kumi, akapelekwa kufanya kazi kwenye mashamba ya watu, akapata mtoto bila ndoa, baba yake akamfukuza nyumbani. Akaingia Lyon kama mtumishi wa ndani. Mwaka 1921 akafungua mgahawa wake mwenyewe mtaa wa Rue Royale, baadaye akafungua wa pili juu milimani nje ya mji, na mwaka 1933 kitabu cha Michelin, kile kinachopanga migahawa bora kwa nyota, kikampa nyota tatu, ndio mwisho wake, kwa kila mgahawa. Nyota sita kwa mtu mmoja, hakuna aliyewahi kufika hapo kabla yake. Yule Paul Bocuse ambaye Wafaransa wanamuona kama mfalme wa mapishi, aliyeshikilia nyota tatu tangu 1965 mpaka anafariki 2018, ujana wake alikuwa kijana wa kazi kwa huyu mama, na kabla ya kugusa sufuria za maana alikamua ng'ombe na kupiga pasi kwanza.

Mgahawa wa Rue Royale bado upo. Nilienda nikasimama nje, nikasoma menyu yao iliyobandikwa pale mlangoni, nikapiga hesabu ya bei kwa shilingi, nikafunga zipu ya jaketi nikaondoka taratibu kama mtu aliyekuwa anasubiri basi.

Kuku wao maarufu pia anatoka huko huko Bresse. Nilimuona kwenye soko la Halles, ambalo sasa limepewa jina la huyo huyo Bocuse, kalazwa kwenye kioo na kichwa chake na manyoya shingoni ili usije ukasema umeuziwa kuku mwingine. Manyoya meupe, upanga mwekundu, miguu ya bluu, bendera ya Ufaransa kamili. Anazunguka nje kwenye majani anajitafutia, kwa ufupi ni kuku wa kienyeji mwenye cheti. Nikamtumia mama picha. Akajibu kwa sauti: "Mkondefu huyo." Basi.

Sasa na mimi nilipata aibu zangu, nisijifanye mjanja. Wiki ya kwanza nilikuwa naingia dukani naenda moja kwa moja kuuliza bei, na muuzaji ananitazama kama mlango umefunguliwa na upepo. Nikaanza kulalamika moyoni kwamba watu wa huku wana roho mbaya. Mpaka bibi mwenye nyumba niliyopanga akaniambia, kijana, husalimii. Pale usiposema bonjour kwanza hujaingia, ni kama umevamia nyumba ya mtu bila hodi. Na mimi nimetoka pwani! Huko nilikokulia mtu anakuuliza habari za nyumbani, za watoto, za kazi, ndio mnafika kwenye bei ya nyanya. Nilijiona mjinga haswa.

Aibu nyingine ni njaa. Siku yangu ya mapumziko niliamka saa tano, nikazurura, saa tisa kasoro nikaanza kutafuta chakula cha mchana. Aisee. Jiko linafungwa saa nane, wapishi wanapumzika, na hakuna cha "nibandikie tu hata chipsi". Jumapili ndio usiseme. Nilizunguka mpaka Rue Saint-Jean kule mji wa zamani ambako kuna migahawa ya watalii inayofungua muda wote, na hapo nikaingia mwenyewe kwenye mtego, nikaagiza andouillette nikijua ni soseji. Ni soseji kweli. Ila ndani ni utumbo mtupu uliokunjwa kunjwa, na tofauti na ule wa kwenye ndoo, huu wameuacha na harufu yake yote. Kisu kilipopasua ile ngozi nikarudisha kiti nyuma. Mtu ambaye nimekulia kwenye utumbo! Nilikula nusu kwa heshima ya mama, na siku hiyo nikaelewa kwamba kumbe harufu wanaitaka, wapo wanaoisifia kabisa kama mtu anavyosifia ng'onda. Ule mgahawa nao waliniwekea viazi vya jana, hilo sitasahau.

Sahani nyingine iliyonitisha bure inaitwa cervelle de canut, tafsiri yake ubongo wa mfuma hariri. Nikasema hapa hapana. Kumbe ni jibini laini kama mtindi mzito, imechanganywa na majani ya vitunguu, saumu, mafuta na siki kidogo, unapaka kwenye mkate. Wafumaji walikuwa maskini, hicho ndicho walichomudu, na jina matajiri waliwapa kwa dharau. Leo inakuja mezani na bei yake ya maana.

Hawa wafumaji, canuts, mimi nilikuwa nalala kwenye nyumba zao. Chumba changu kilikuwa kilima cha Croix-Rousse, na dari lake lilikuwa juu karibu mita nne. Nilifikiri ni jumba la kifahari mpaka nikaambiwa dari liko juu kwa sababu mashine ya kufumia ya Jacquard, ile iliyotoka mwanzoni mwa miaka ya 1800, ilikuwa ndefu haiingii nyumba ya kawaida, kwa hiyo familia ilikuwa inaishi na mashine chumba kimoja, wao wanalala kwenye kijighorofa cha mbao juu ya jiko. Na mimi nililala kwenye kijighorofa hicho hicho. Joto lote la hita linapanda juu, kwa hiyo usiku unatokwa jasho, ukishuka kunywa maji unatetemeka. Sauti ya zile mashine watu wa pale wanaiita bistanclaque, sema kwa haraka haraka utaisikia yenyewe. Kuna karakana ya kumbukumbu kule juu wanaiwasha mbele yako, unaona kadi za karatasi ngumu zenye matundu zinapita, kila tundu linaamua uzi upi unyanyuke, na wazo hilo hilo la kadi za matundu baadaye likaja kutumika kwenye kompyuta. Velveti ya kufuma kwa mkono, siku nzima unapata sentimita chache tu. Nilimwangalia yule dada anavyorudisha uzi, nikakumbuka kwamba sisi jikoni tunalalamika kukatakata vitunguu.

Na hawakuwa watu wa kuonewa kimya kimya. Mwaka 1831 walikubaliana bei ya kazi, wafanyabiashara wakaikataa, wakaingia mtaani na bendera nyeusi iliyoandikwa kuishi kwa kufanya kazi au kufa kwa kupigana. Wakaushika mji siku kadhaa. Mwaka 1834 wakaamka tena, safari hii jeshi likaua, walikufa mamia ya watu. Mitaa ile ile leo kuna vikahawa vya maziwa ya shayiri.

Walikuwa wanapita kwenye traboules, na hizi ndizo nilizipenda kuliko hata kanisa kubwa la kilimani. Ni vichochoro vinavyokatiza ndani ya majengo, unasukuma mlango wa kawaida kabisa wa nyumba ya watu, unapita kwenye korido yenye giza, unatokea uwanja wa ndani wenye ngazi, unaingia korido nyingine, unaibuka mtaa wa pili. Wabebaji walishusha hariri huko bila kulowana mvua, na wakati wa vita kuu ya pili waliokuwa wanapambana na Wajerumani wakawa wanapotelea humo humo. Mtu aliyekulia Buguruni hana cha kushangaa kwenye vichochoro, lakini nilishangaa kwamba wameambiwa na sheria wavitunze. Miaka ya 1960 kulikuwa na mpango wa kupitisha barabara kubwa katikati ya mji wa zamani, wakazi wakagoma, na mwaka 1964 ukawa mtaa wa kwanza Ufaransa kulindwa kisheria. UNESCO wakauingiza kwenye orodha 1998, miaka miwili kabla ya Mji Mkongwe wetu pale Unguja. Ila ukipita humo punguza sauti, watu wanaishi, mimi nilifungiwa mlango na mzee mmoja kwa ajili ya kicheko.

Mwezi wangu wa pili huko nikaanza kuota ugali. Nikaelekezwa Guillotière, mtaa wa ng'ambo ya Rhône wenye maduka ya Kiafrika na Kiarabu na Kichina yamechanganyika. Nimesimama mbele ya rafu nasoma mfuko, nyuma yangu nikasikia "ndugu yangu, uko natafuta bunga?" Mama wa Bukavu! Kiswahili chake na changu vikawa vinagombana kidogo, nikisema kisamvu yeye anasema sombe, lakini tulielewana kuliko nilivyoelewana na mtu yeyote kwa wiki nane. Akanipa na pilipili za bure.

Niliondoka katikati ya Desemba kwa hiyo nikawahi tarehe 8. Mwaka 1852 walikuwa wanazindua sanamu ya Bikira Maria kule Fourvière, mvua kubwa ikataka kuharibu sherehe, ilipokata jioni watu wakawasha mishumaa madirishani, na hawajaacha mpaka leo. Siku hizi kuna mataa makubwa ya kisasa na watu wanabanana kama Kariakoo sikukuu. Bibi mwenye nyumba hakutoka. Alipanga vikopo vyake vya kioo dirishani, kila kimoja na mshumaa, akaniachia dirisha moja niwashe mimi, na kiberiti kilinizimikia mara tatu.

Januari nilienda Buguruni nikamwambia mama leo kaa, nakupikia. Taulo nililinunua mwenyewe, nikalichemsha, mvinyo sikuthubutu, nikaloweka kwenye ndimu na haradali ya chupa, asubuhi nikachovya kwenye yai na chenga za mkate nikakaanga. Madereva walikusanyika kuangalia kama kuna ajali. Mama akachukua kipande, akakipindua, akauma pembeni, akatafuna muda mrefu.

"Kimekaushwa vizuri," akasema. "Sasa mchuzi wake uko wapi?"

Mteja mmoja akachukua chake akakitumbukiza kwenye bakuli la supu.